Umekubaliwa na vyuo vikuu viwili ng'ambo: namna ya kuchagua kimoja

Msimu wa barua za udahili ukifika, swali ni lilelile. "Nimekubaliwa na vyuo viwili. Kimoja kina jina, kingine kimenipa ufadhili. Niende wapi?" Anayeuliza huwa ameshanitumia nafasi ya kila chuo kwenye orodha za ubora duniani. Ambavyo hajanitumia ni vitu viwili ninavyovihitaji ili nimjibu: jumla ya gharama hadi siku ya kuhitimu, na orodha ya masomo atakayosoma. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uvipate mwenyewe, kisha uamue mwenyewe.

Kosa ninaloliona kuliko mengine yote ni kupima vyuo kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza kila chuo kinapendeza. Ada imepunguzwa, bweni lipo, ndugu wamechanga. Wanaokwama hukwama mwaka wa pili au wa tatu, punguzo likiisha na michango ikikauka. Basi katika kila hatua hapa chini, shika swali hili: nikienda hapa, nitamaliza?

Andaa haya kabla ya kuanza

- Barua zote mbili za udahili, kurasa zote pamoja na viambatisho.
- Barua ya ufadhili, kama upo. Mara nyingi ni hati ya peke yake, na ina masharti yake.
- Mtaala wa kozi yako katika kila chuo, wa miaka yote. Usipoupata kwenye tovuti, iandikie idara.
- Tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi, na tarehe ya mwisho ya kulipa malipo ya awali. Mara nyingine ni tarehe mbili tofauti.
- Kiasi ambacho wewe na anayekulipia mnaweza kutoa kila mwaka bila kukopa kwa dharura. Kiandike kwa tarakimu. Mazungumzo haya na mzazi au mlezi ni magumu, lakini yafanyike sasa.
- Karatasi yenye safu mbili, au jedwali kwenye kompyuta.
- Muda wa wiki mbili hivi. Hesabu ni ya jioni moja tu. Kinachochelewa ni majibu ya barua pepe.

Hatua ya 1: Hakikisha chuo kinatambuliwa, na kwamba kina ruhusa ya kupokea wageni

Haya ni mambo mawili, wala moja halithibitishi la pili. Chuo kinaweza kuwa halali kwa wenyeji na kisiwe na ruhusa ya kumdhamini mwanafunzi wa kigeni apate viza.

Uingereza serikali hutoa orodha ya taasisi zenye leseni ya kudhamini wanafunzi. Kanada ina orodha ya taasisi zilizoteuliwa, zijulikanazo kwa kifupi DLI. Australia ina daftari liitwalo CRICOS, ambalo husajili hata kozi moja moja. Marekani chuo lazima kiwe kimeidhinishwa na SEVP, mpango wa serikali unaosimamia vyuo vinavyopokea wageni, ndipo kiweze kukupa I-20, fomu unayoombea viza ya mwanafunzi. Fungua tovuti ya serikali husika na utafute jina la chuo mwenyewe. Kiungo ulichotumiwa na wakala usikitumie kwa kazi hii.

Kama unasomea taaluma yenye bodi (udaktari, uuguzi, uhandisi, sheria, uhasibu), kuna swali la ziada: shahada hii itakubaliwa katika nchi utakayofanyia kazi? Wahandisi wana Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo nchi wanachama hutambuliana programu za uhandisi. Angalia vizuri: kinachotambuliwa ni programu iliyopata ithibati, si chuo kizima, hivyo kozi mbili za uhandisi ndani ya chuo kimoja zinaweza kutofautiana. Kwa udaktari, anza na orodha ya dunia ya vyuo vya tiba, World Directory of Medical Schools. Chuo kisipokuwemo humo hiyo ni alama ya hatari. Kikiwemo, bado iulize bodi ya nchi utakayofanyia kazi. Shahada ya sheria ndiyo hufungwa zaidi na nchi iliyoitoa, maana kila nchi ina sheria zake.

Chuo kimoja kikianguka hapa, umeshamaliza kuchagua.

Hatua ya 2: Soma barua zote mbili ukiwa na kalamu mkononi

Piga mstari chini ya haya: jina kamili la kozi, muda wake, kampasi, tarehe ya kuanza, masharti, na malipo ya awali.

Nafasi yenye masharti bado si nafasi. Ikiwa barua inadai alama fulani za mtihani ambao hujafanya, au matokeo ya mtihani wa lugha, andika pembeni ni lini utayapata na kama siku zitatosha kuomba viza.

Kampasi watu huiruka. Vyuo vingi vina matawi, na tawi linaweza kuwa safari ya saa kadhaa kutoka mji uliouona kwenye picha. Kodi ya nyumba, kazi na usafiri vyote hubadilika kulingana na tawi.

Onyo: Kabla hujalipa chochote, tafuta sentensi inayosema kama malipo ya awali yanarudishwa viza ikikataliwa. Usipoiona, uliza kwa barua pepe na ulihifadhi jibu. Ahadi ya kwenye simu haitakusaidia.

Hatua ya 3: Piga hesabu hadi mwaka wa mwisho

Hapa usiwe na haraka. Kwa kila chuo, weka safu ya kila mwaka wa masomo na uandike ada, ada nyingine za lazima, bima au tozo ya afya, malazi, chakula, usafiri, viza na kuihuisha, nauli, vitabu na vifaa. Malazi yahesabu kwa miezi 12. Vyuo vingi hutangaza gharama za miezi tisa ya masomo, lakini likizoni hutalala barabarani. Kisha toa ufadhili, ule tu uliothibitishwa kwa maandishi, na uutoe kwenye miaka iliyotajwa peke yake.

Tazama mfano huu. Sarafu yoyote, kozi ya miaka mitatu.

Chuo A kinatoza 10,000 kwa mwaka, ada hupanda asilimia 5 kila mwaka, nacho kinakupa nusu ya ada kwa mwaka wa kwanza tu. Maisha yanagharimu 9,000 kwa mwaka. Chuo B kinatoza 7,000, ada haibadiliki, hakuna ufadhili, na maisha ni 7,500.

Mwaka wa kwanza, A ni 5,000 na 9,000, jumla 14,000. B ni 7,000 na 7,500, jumla 14,500. A anaonekana nafuu kwa 500, tena ana neno tamu la ufadhili kwenye barua. Sasa endelea. Ada ya A kwa miaka mitatu ni 5,000, 10,500 na 11,025, yaani 26,525. Ongeza maisha 27,000, unapata 53,525. B ni 21,000 na 22,500, yaani 43,500. Chuo kilichokuwa nafuu kwa 500 kimekuwa ghali kwa 10,025.

Nimewaona wanafunzi wazuri, wenye alama nzuri, wakirudi nyumbani wakiwa wamebakiza mwaka mmoja kwa sababu ya hesabu hii hii. Iliwezekana kuipiga kabla hawajapanda ndege. Ndiyo maana nasisitiza.

Kuhusu ufadhili, chuo kikujibu kwa maandishi: ni wa mwaka mmoja au wa kozi nzima? Unadai wastani gani wa alama ili uendelee? Nikishuka muhula mmoja, nafutiwa au napewa onyo? Unalipia ada tu, au na malazi? Marekani, kwa mwanafunzi wa shahada, sehemu ya ufadhili inayolipia ada kwa kawaida haikatwi kodi, lakini ile inayolipia chakula na malazi hukatwa, isipokuwa kama kuna mkataba wa kodi kati ya nchi mbili. Fedha itakayokufikia inaweza kuwa pungufu kuliko iliyoandikwa.

Zipo pia fedha zinazohitajika kabla hujaingia darasani. Uingereza hutoza mwanafunzi tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, na ya kozi yote hulipwa kwa mkupuo unapoomba viza. Ujerumani, kiwango cha tangu Septemba 2024 ni kuonyesha, ili upate viza, euro 11,904 za mwaka mmoja, na wengi huziweka kwenye akaunti maalumu inayokuruhusu kutoa kiasi kidogo kila mwezi. Fedha hizo bado ni zako, ila lazima uwe nazo zote siku moja. Chuo kisichotoza ada kinaweza kukushinda mlangoni kwa sababu hiyo.

Na linganisha kozi nzima kwa kozi nzima. Shahada ya uzamili Uingereza mara nyingi huchukua mwaka mmoja, na Ujerumani miwili. Ada ya mwaka mmoja inaweza kutisha, lakini mwaka wa pili nao una kodi ya nyumba, chakula, na mshahara ambao ungekuwa umeanza kuupata.

Mwisho, zidisha jumla kwa 1.15. Huo ndio mtihani wa sarafu: ikiwa fedha ya anayekulipia itashuka thamani, bado mtamudu? Chuo kinachokufaa kwa kubana pumzi leo hakitakufaa sarafu ikishuka.

Onyo: Usiingize mshahara wa kibarua kwenye jedwali. Kibarua kikipatikana kitakuongezea mboga. Ada isiwe inakisubiri.

Hatua ya 4: Linganisha masomo, jina la chuo liweke pembeni

Fungua mitaala miwili na uanzie mwaka wa mwisho, maana miaka ya mwanzo hufanana karibu kila mahali. Masomo gani ni ya lazima? Yapi ya kuchagua, na je, yalifundishwa kweli mwaka jana? Somo linaweza kukaa kwenye orodha miaka mitano bila mwalimu. Kuna mafunzo kwa vitendo, na nani anakutafutia nafasi, chuo au wewe? Utapimwa kwa mitihani ya mwisho pekee au na kazi za muhula? Kozi nzima inafundishwa kwa lugha unayoijua?

Kwa vyuo vya Ulaya, uzito wa kozi hupimwa kwa mikopo ya ECTS (si fedha za kukopa, ni alama za kiasi cha masomo uliyokamilisha, "credits" kwa Kiingereza), na mwaka kamili wa masomo ni mikopo 60. Ukiona programu mbili zenye jina moja, moja ya mikopo 60 na nyingine 120, ujue unatazama vitu viwili tofauti.

Sasa tuzungumze zile orodha za ubora, maana najua hazijakutoka kichwani. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, hutoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (za hisabati) walizopata wahitimu na wanataaluma wa chuo. Orodha nyingine, QS, kuanzia toleo lake la 2024, hutoa asilimia 30 kwa sifa ya chuo miongoni mwa wasomi wanaojaza dodoso. Hakuna hapo aliyeingia kwenye darasa utakalokaa wewe. Kama unakwenda kufanya utafiti, orodha hizo zina la kukwambia kuhusu nguvu ya chuo. Kama unakwenda kusoma shahada ya kwanza, tofauti ya nafasi ya 150 na ya 230 isikunyime usingizi. Chuo cha 150 kinaweza kuwa na idara dhaifu ya fani yako, na kile cha 230 kikawa na idara inayotafutwa na waajiri.

Wa uzamivu, kwenu hatua hii ni mtu mmoja: msimamizi. Muulize ana wanafunzi wangapi, wa mwisho alimaliza baada ya miaka mingapi, fedha za utafiti zinaisha lini, na kama ana mpango wa kuhama au kustaafu. Msimamizi mwema hatachukia maswali hayo. Akichukia, amekujibu.

Hatua ya 5: Zungumza na watu waliomo

Tafuta watu watatu kwa kila chuo: walio mwaka wa pili au zaidi, wa kozi yako, na walau mmoja awe mgeni wa nchi ile kama wewe. Wanafunzi walioajiriwa na chuo kujibu maswali ya waombaji wana msaada, ila wasiwe peke yao. Andika kwa ufupi na kwa heshima:

"Habari. Nimekubaliwa kusoma kozi yako mwaka huu na bado sijaamua. Samahani kwa usumbufu, naomba kukuuliza mambo matatu. Kwa mwezi unatumia kiasi gani, ukijumlisha kodi ya nyumba? Ukikwama kwenye somo, unampata mwalimu? Kama ungerudi nyuma, ungechagua chuo hiki tena?"

Swali la tatu ndilo lenye thamani. Anayesita kulijibu msikilize kuliko anayesifu.

Hatua ya 6: Tazama viza, kazi na baada ya masomo

Hili ni muhimu pale vyuo vyako vinapokuwa katika nchi mbili. Kanuni hubadilika, hivyo zihakiki kwenye tovuti ya serikali wiki ile unayoamua.

Saa za kazi wakati wa masomo: Marekani, kwa viza ya mwanafunzi iitwayo F-1, ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo. Kanada, nje ya chuo, ni saa 24 kwa wiki tangu Novemba 2024. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Ujerumani huhesabu siku: 140 kamili au 280 za nusu siku kwa mwaka.

Baada ya kuhitimu: Ujerumani hukupa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi. Marekani hukuruhusu miezi 12 ya kazi inayohusiana na masomo yako, na miezi 24 zaidi kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kwa hiyo jina la kozi kwenye fomu ya I-20 lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza imekuwa ikitoa miaka 2, na 3 kwa uzamivu, ila kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ile miaka 2 inakuwa miezi 18. Anayeanza shahada ya miaka mitatu leo ahesabu kwa kanuni hiyo mpya.

Kama una mume, mke au watoto, anza na hapa kabla ya yote. Tangu Januari 2024 Uingereza imezuia wanafunzi wengi kwenda na familia. Wanaoruhusiwa ni hasa wale wa shahada za utafiti na wenye ufadhili wa serikali.

Hatua ya 7: Omba nyongeza

Wengi huona aibu. Usione. Kiandikie chuo unachokipenda lakini hukimudu: "Nashukuru kwa nafasi hii, na ningependa kuja kwenu. Nimepata nafasi nyingine yenye ufadhili wa kiasi fulani. Barua yake nimeiambatisha. Je, kuna uwezekano wa kuangalia upya msaada wangu?" Jibu linaweza kuwa hapana, na nafasi yako ikabaki palepale. Sema kweli tupu, kwa sababu barua ya kughushi hufuta udahili.

Hatua ya 8: Amua na ufunge

Kwanza ondoa chuo chochote ambacho jumla yake, ikizidishwa kwa 1.15, inazidi mnachoweza. Vikibaki viwili, chukua chenye mwaka wa mwisho wenye masomo unayoyataka. Vikilingana hata hapo, chukua kile ambacho wanafunzi wake walijibu swali la tatu bila kusita.

Kubali kwa maandishi, lipa kupitia njia iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na uhifadhi risiti. Usilipe ada kwenye akaunti ya mtu binafsi, hata akiwa wakala uliyeletewa na ndugu. Kisha kiandikie chuo kingine kuwa huendi. Mistari miwili yatosha, na kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri anayeomba usiku na mchana nafasi hiyo.

Onyo: Usilipe malipo ya awali kote kuwili "ili kuwa salama". Mara nyingi moja halirudi.

Ukikwama

*Chuo kimoja kinataka jibu kabla kingine hakijajibu.* Omba muda, taja tarehe kamili unayoihitaji. Kwa shahada za juu Marekani, vyuo vingi vimesaini azimio kwamba aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Uliza kama chako kimo.

*Wazazi wanataka chuo chenye jina.* Wape jedwali, usiwape maneno. Keti nao, uwaoneshe mwaka wa pili na wa tatu. Wengi hubadilika wakiona ile jumla, na wasipobadilika, waulize nani atalipa tofauti na lini.

*Fedha za viza ziliingia juzi.* Uingereza hutaka fedha unazoonyesha kuthibitisha kwamba utamudu masomo ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Zikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu huanza upya. Kama siku hazitoshi, omba kuahirisha hadi muhula ujao. Usilazimishe ombi litakalokataliwa.

*Una fomu mbili za I-20.* Nenda kwenye usaili wa viza na ile ya chuo unachokwenda kweli. Ukibadili nia baadaye, wasiliana na chuo kipya kabla ya kusafiri.

*Viza imekataliwa.* Soma sababu iliyoandikwa. Kijulishe chuo siku hiyohiyo, uombe kuahirisha nafasi, na udai malipo ya awali kwa kutumia ile barua pepe ya hatua ya 2. Kama chuo cha pili kiko nchi nyingine na muda wake haujapita, kiulize kama nafasi bado ipo. Ndiyo sababu ile barua ya hatua ya 8, ya kusema huendi, hukupaswa kuiandika kwa ukali.

*Umeshafika na unaona ulikosea.* Maliza muhula kwanza, mikopo ya masomo (credits) uliyopata inaweza kuhamishika. Usiache kuhudhuria, maana viza yako imeshikwa na mahudhurio na usajili. Kanada, tangu Novemba 2024, anayehamia taasisi nyingine huomba kibali kipya cha masomo. Marekani vyuo viwili huhamishiana rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ukiwa bado umesajiliwa, uulize kipi kitangulie kipi, na uondoke na jibu lililoandikwa.